Sauti Niliyompa Jemadari

Siku niliyorudisha funguo za ukumbi, vijana wa kituo cha Kakuma mlininunulia saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa sijui nani aliwaambia kwamba mtu aliyestaafu ana haja ya kujua saa. Bi Halima, msimamizi wetu, hakunipa kitu, yeye aliniomba. Alisema kazi ya kutafsiri filamu kwa maikrofoni haimo katika kitabu chochote cha ofisi, na mimi nikiondoka nayo itaondoka. "Andika, Mzee Ewoi," akaniambia. "Waandikie hawa wanaobaki. Na lile jambo la Jemadari usiliruke."

Basi sitaliruka. Vyeo ndivyo nitakavyoruka, kwa kuwa vilikuwa vichache na vilichelewa.

Nilianza Lodwar, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na sijui la kufanya. Serikali ilikuwa na gari la sinema, Land Rover iliyozunguka Turkana yote ikionyesha filamu za afya na mifugo. Walitaka mtu wa kubeba jenereta anayejua Kiturkana, na mimi nilikuwa na mabega na lugha. Bwana aliyelisimamia gari hilo alikuwa Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, aliyekuwa amekaa kwetu miaka mingi hata akimpigia mama yake simu alianza na salamu ya Kiturkana, "Ejok!", na mama yake, alivyotuambia mwenyewe, alikuwa akikata akidhani ni mtu amekosea namba.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Nariokotome. Tulionyeshea darasani mchana, madirisha tumeyafunika kwa mablanketi ili kuwe na giza, watu wamejaa hadi mlangoni na joto linatosha kuivisha mkate. Filamu ilihusu chanjo ya mbuzi na ilikuwa kwa Kiingereza. Dakika ya tatu spika ikakatika, ikabaki picha tu, bwana mmoja mwenye koti jeupe anafungua na kufunga mdomo. Mzee Barasa alichomoa maikrofoni chini ya kiti cha dereva akanisukumia mkononi.

"Waambie anasema nini."

Nikaanza: "Daktari anasema kwamba mbuzi wenu..."

Barasa akanigonga begani. "Usiseme 'anasema'. Nani anamtaka huyo wa katikati? Wewe ndiye daktari. Sema."

Nikasema. Nikawa daktari, kisha nikawa mwenye mbuzi, na mbuzi walipolia nikalia nao. Wazee walicheka hadi mmoja akasimama kujibishana na skrini kuhusu bei ya sindano, nami nikamjibu kwa sauti ya daktari, tukaelewana. Kesho yake walileta mbuzi wao. Nikajua nimepata kazi ambayo ningeifanya hata kama hawangenilipa, jambo ambalo kwa bahati mbaya ofisi ilikuja kulifahamu.

Kutoka hapo tulikwenda kila mahali, hadi Kapedo kule mpakani na Baringo. Barasa alinifundisha mambo ambayo bado nayafanya. Ukivisha maikrofoni soksi safi, upepo na vumbi havitaingia kwenye maneno. Jenereta iwe upande upepo unakokwenda, usije ukasikika kama unatafsiri trekta. Filamu itazame mara tatu kabla ya watu kuiona, mara ya kwanza ucheke, ya pili uandike, ya tatu ujiulize nani ataumia. Hiyo ya tatu nilikuwa nikiifanya haraka haraka. Vijana mna haraka, nami nilikuwa kijana.

Alikuwa na lawama moja juu yangu ambayo hakuacha kuisema. Niliongeza maneno. Kama mtu wa filamu amesema "njaa ni mbaya", mimi ningesema "njaa imekaa kwenye kiti cha baba na inamtuma mama maji". Watu walipenda. Barasa alikuwa akizima jenereta akisema, "Leo umeongeza tena." Nami namuuliza kama imeharibu kitu. "Haijaharibu. Lakini yule aliyeitengeneza filamu amelala kwao hajui umemsemea nini."

Gari lilipokufa halikuzikwa, liliegeshwa tu nyuma ya ofisi Lodwar mpaka kuku wakalizoea. Barasa alistaafu akarudi kwao. Mimi nilipata kazi Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, katika kituo cha vijana cha shirika moja.

Siku ya kwanza pale niliogopa. Ukumbi wa mabati, mabenchi, projekta nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, na mbele yangu vijana waliotoka nchi nyingi, Wasomali, Wakongomani, Wasudani Kusini, Warundi, na Waturkana wetu wa mjini waliovuka barabara kuja kutazama. Nitatafsiri kwa lugha gani? Nikachagua Kiswahili, kwa sababu kila mmoja wetu alikizungumza vibaya kwa namna yake na hakuna aliyeweza kumcheka mwenzake. Jumamosi saa nane mchana ndiyo ilikuwa saa yetu. Nilikaa kwenye meza ndogo kando ya skrini, chupa ya maji upande huu, daftari upande ule, na nikawa kila mtu. Nimekuwa polisi wa Kihindi, bibi wa Kichina, mbwa, treni. Mwanamke mmoja wa Kisomali aliyekuwa akiuza chai karibu na lango aliniambia kwamba mume wake aliyepotea alikuwa na sauti kama ninayompa baba katika filamu za Kihindi, na kila Jumamosi alikaa nje ya ukuta akisikiliza, hataki kuona picha. Tangu siku hiyo nilipokuwa baba nilizungumza kuelekea ukutani.

Nasema haya mjue kwamba nilikuwa mzuri. Ubaya uliokuja ulitoka humo humo.

Ekai ndiye aliyeniletea anime. Alikuwa kijana wa kwetu, Mturkana wa Kakuma mjini, mwenye miaka kumi na saba hivi, mchoraji ambaye hakuna ukuta mweupe uliokuwa salama naye. Alikuja na flashi ameivaa shingoni kwa kamba.

"Mwalimu, ona hii kitu ya Wajapani."

"Katuni? Hapa si shule ya chekechea."

"Ona moja tu. Kama ni mbaya nitafagia ukumbi wiki mzima."

Hakufagia. Nilitazama sehemu ya kwanza, nikatazama ya pili, na mkate wangu wa mchana ukaliwa na siafu. Jina lake la Kijapani hakuna aliyeweza kulitamka, sisi tuliiita *Mito*. Ilihusu nchi ya ajabu yenye mito inayotiririka angani. Katika nchi hiyo baadhi ya watu huzaliwa bila kivuli. Wanasimama juani kama wewe na mimi, lakini chini yao hakuna kitu. Zamani waliishi na wenzao, wakioa na kuolewa. Kisha mito inaanza kukauka, na anatokea Jemadari mwenye joho la kijivu anayesema anajua sababu. Kwanza wasio na kivuli wanaandikishwa. Halafu wanapewa kengele za kuvaa mguuni wasikike wakija. Halafu wanahamishiwa upande wa pili wa bonde, na baada ya hapo jeshi linavuka bonde. Tunayaona yote kupitia binti mmoja anayechora ramani za jeshi hilo, anayempenda Jemadari kama baba.

Sikuwa nimewahi kuona katuni inayojua mambo hayo. Ilijua jinsi jirani anavyoacha kukusalimia. Ilijua kwamba watu hawaanzi na bunduki, wanaanza na orodha. Nilijiambia kwamba hapa Kakuma, mahali ambapo kila benchi lina mtu aliyekimbia kitu kama hicho, hii ndiyo filamu niliyozaliwa kuisemea.

Katika sehemu ya sita Jemadari anahutubia uwanja. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha yalikuwa makavu, kwamba kina cha mito kimepungua na wasio na kivuli wanatumia kupita fungu lao. Nikayaangalia nikaona hayana ladha. Wakati huo mvua ilikuwa imetukwepa misimu kadhaa, mizoga ya ng'ombe iko kando ya barabara ya Lodwar, akina mama wanachimba mchanga wa Mto Tarach kutafuta tope la kunywa. Nikachukua hayo yote nikamtia Jemadari mdomoni. Nilishusha sauti, nikaifanya nzito na ya huruma, kama ya mjomba aliyekuja msibani.

"Mama yako ametembea tangu alfajiri. Mtungi wake umerudi mkavu kama ulivyoenda. Mwanangu, nakuuliza, nani amekunywa maji yako?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi na miguu kupigwa sakafuni. Ekai alisimama juu ya benchi. Nikanywa maji nikijisikia kijana tena.

Ilichukua wiki mbili tu. Vijana walianza kusalimiana kama askari wa Jemadari, ngumi kifuani halafu kidole kinaelekezwa chini kwenye kivuli. Ulikuwa mchezo. Kisha walianza kumwambia mtu, "Wewe huna kivuli." Na jambo lililonishangaza ni kwamba kundi lile lilikuwa la kila kabila. Waturkana, Wasudani, Wakongomani, vijana ambao nilikuwa nimejaribu miaka mingi kuwafanya wakae benchi moja, sasa walikaa. Walikuwa wamepata mtu wa kumkataa pamoja, wale wageni wapya waliokuwa wakishuka kutoka malori kila wiki, wakiwekwa kwenye mabanda ya mwisho, wakipanga foleni kwenye mfereji, bomba la maji lililokuwa la wengine. Hao ndio waliokuwa hawana kivuli.

Wa kwanza kuniambia ukweli alikuwa Esperance. Alikuwa binti wa Kongo, mwenye miaka kama kumi na tisa, mmoja wa wageni hao, aliyekuwa akiishi na shangazi yake, Mama Furaha. Alikaa nyuma siku zote na hakupiga makofi. Jumamosi moja alinisubiri nikikunja nyaya.

"Mwalimu, ile sauti ya Jemadari, mi naijua."

"Ni yangu tu, dada. Naibadilisha kidogo kooni."

"Hapana. Kwetu tulikuwa tunaisikia ku radio. Ilikuwa nzuri hivyo hivyo. Baba alikuwa anacheka nayo, anasema huyu mtu anajua kusema." Alinitazama. "Kisha batu bakakuja ku nyumba."

Nilimwambia pole. Nilimwambia kwamba ni filamu, kwamba mwishoni Jemadari anashindwa. Akaniuliza mwisho uko lini. Tulikuwa sehemu ya tisa, na zilikuwa ishirini na nne.

"Basi mpaka hapo hawa vijana ni wake," akasema, akaenda zake. Nami niliendelea kukunja nyaya, na nawaungamia kwamba nilikasirika. Nilimwona mtoto anayenifundisha kazi.

Jumatano iliyofuata, asubuhi, kwenye mfereji wa mabanda ya mwisho, mtu alikuwa ameandika ukutani kwa makaa, herufi nzuri zilizonyooka: NANI AMEKUNYWA MAJI YAKO? Akina mama wageni walipofika, kundi la vijana lilikuwa limesimama mbele ya mfereji likiwaambia wasio na kivuli watachota mwisho. Wakaanza kupiga majerikani mateke. Katika kusukumana Mama Furaha aliangukia zege, mkono wake ukavunjika mahali pawili.

Nilikwenda kuuona ule ukuta. Ni jambo la ajabu kusoma maneno uliyoyatunga wewe katika mwandiko wa mtu unayempenda, maana herufi zile nilizijua. Zilikuwa za Ekai.

Bi Halima aliita kikao. Yeye ni mtoto wa Lodwar, wazazi wake ni Wasomali waliofanya biashara pale tangu zamani, na hana tabia ya kuzungusha maneno. "Hii katuni inafungwa leo," akasema. Nilikubali upesi. Niseme kweli, nilifurahi. Ikifungwa, lawama ingeondoka nayo, na hakuna ambaye angeuliza yale maneno yalitoka wapi.

Esperance alikuwa ameitwa kueleza habari za shangazi yake. Akainua mkono. "Mukiifunga sasa, bameona nusu. Bamebakia na Jemadari peke yake."

"Unataka tuendelee?" Bi Halima aliuliza. "Wewe, na mkono wa shangazi yako?"

"Nataka ile hotuba irudiwe. Lakini Mwalimu aseme yenye imeandikwa. Mi najua kusoma Kiingereza kidogo. Imeandikwa ingine."

Bi Halima alinigeukia. "Imeandikwa nini, Mzee?"

Nilikuwa nimekaa miaka mingi nikiwa kila mtu. Pale nilitakiwa kuwa mimi. Nikamwambia kile kilichoandikwa, na nikamwambia kile nilichosema. Hakunigombeza. Aliandika kitu kwenye karatasi, akakikata, akasema, "Jumamosi utawaambia hivyo hivyo, huko ukumbini, kwa hiyo maikrofoni yako."

Jumamosi ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Tuliirudia sehemu ya sita. Nilimweka Esperance kwenye meza kando yangu, awe sauti ya wasio na kivuli, ambao mpaka siku hiyo nilikuwa nikiwasemea kwa sauti moja tu ya unyonge. Hotuba ilipofika niliisoma kama ilivyoandikwa, kavu kama tangazo la ofisi. Kina cha mito kimepungua. Wanatumia kupita fungu lao. Minong'ono ikaanza. Mtu akapiga mluzi.

Ekai alisimama. "Mwalimu, unaharibu Jemadari! Sema ile yake!"

Nikasimamisha picha. "Ile si yake. Haimo kwenye filamu. Ile ya mama na mtungi niliitunga mimi, Ewoi, kwa sababu nilitaka mnipigie makofi."

Mabati yalikuwa yakilia kwa joto juu yetu.

"Kwa hivyo ulitudanganya," Ekai akasema.

"Ndiyo."

"Lakini maji si kweli hakuna? Mama yangu si anachimba mto kila siku? Hiyo pia umetunga?" Sauti yake ilipasuka. Aliruka mabenchi akatoka nje, na vijana kama kumi wakamfuata.

Nilimwachia Esperance maikrofoni, ikiwa mara ya kwanza maishani kumwachia mtu filamu katikati, nikamfuata. Nilimkuta kwenye mchanga wa Tarach, mahali mama yake alipokuwa amezama hadi kiunoni ndani ya shimo, akichota kwa kikombe na kumimina kwenye jerikani. Tulisalimiana na yule mama. Nilivua viatu nikaingia kumsaidia, na kwa muda tukafanya kazi, kikombe kwa kikombe, Ekai akiwa amekaa juu ametupa mgongo.

Mwishowe nikamwambia, "Swali lako ni la kweli. Jibu nililokupa ndilo la uongo. Wale wageni wamekuja juzi, Ekai. Huu mto umekauka lini?"

Mama yake ndiye aliyejibu, kwa Kiturkana, bila kuinua kichwa. Alisema mto ulikuwa hivi yeye akiwa msichana, na aliuliza ni nani yule mwanamke ambaye watu walisema amevunjika mkono mferejini.

Tulikwenda kwa Mama Furaha siku ya pili, Ekai na mimi, mchana. Alikuwa amekaa mlangoni pa banda lake, mkono kwenye plasta umefungwa shingoni kwa kitenge. Esperance alikuwa akimsukia nywele. Ekai alisimama juani.

"Mama, ni mimi niliandika kwa ukuta."

"Ni wewe ulinisukuma?"

"Hapana. Lakini nilikuwa hapo. Nilicheka."

Mama Furaha alimtazama. "Mwenye alinisukuma sikuona uso wake. Kicheko nilikisikia."

Nikaona niingilie. Nikasema maneno yale ya ukutani yalikuwa yangu, kwamba kijana aliyachukua kwangu. Yule mama akageuza macho kwangu, akanipima kutoka viatu hadi kichwa.

"Wewe ni mtu mzima," akasema.

Hilo tu. Kisha akasema amesikia, na sasa twende. Hatukupewa chai, wala hatukuambiwa tumesamehewa, na sijui hadi leo kama tumesamehewa. Nimefikiria maneno yale manne kuliko barua zote za sifa nilizopewa na ofisi.

Ekai alisugua ule ukuta peke yake kwa mchanga na brashi. Makaa hayatoki vizuri kwenye zege. Ukipita leo, jua likiwa upande, bado utaona alama ya AMEKUNYWA.

Tuliendelea na *Mito*. Bi Halima aliweka sharti kwamba baada ya kila sehemu tukae nusu saa tuzungumze, na nusu saa hiyo mara nyingi ilirefuka ikawa saa mbili nzima. Huko mbele binti mchora ramani anagundua kwamba mito imepindishwa na Jemadari mwenyewe, maji yameelekezwa kwenye viwanda vya silaha, na mistari ya kuipindisha aliichora yeye kwa mkono wake. Nilipokuwa nikimsemea pale, nikakwama. Esperance aliinama kwenye maikrofoni akaendelea, "Ni mkono wangu. Hii ni mkono wangu," kwa Kiswahili chake cha Kongo, na ukumbi ukadhani tumepanga.

Ekai alikaa wiki nyingi bila kuonekana ukumbini. Sehemu ya mwisho alikuja, akasimama mlangoni, hakuingia. Siku hizi yuko Lodwar, anachora mabango ya maduka na kupamba bodaboda, na huwa anapita kwangu akiwa na njaa. Tunazungumza habari za rangi na bei ya rangi. Siku moja tu aliniuliza, ghafla, kama nadhani angefika mbali zaidi katika njia ile ya Jemadari kama yule mama asingevunjika mkono. Nikamwambia sijui. Nikamwambia mimi nadhani ningefika.

Miaka iliyobaki nilifanya kazi tofauti kidogo. Sikuacha kuongeza maneno, kwa maana maikrofoni bila chumvi ni tangazo la mnada. Lakini nilianza kuandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu kila neno nililoongeza, na Esperance alikuwa akiyapitia Ijumaa mchana akiweka alama. Mengi aliyaacha. Aliyoyakata, aliyakata bila kueleza, na mara nyingi nilielewa nilipofika nyumbani. Yeye ndiye mliye naye sasa. Akiwakatia neno, msibishane naye mpaka mfike nyumbani.

Jumamosi yangu ya mwisho Bi Halima aliniuliza nataka kuonyesha nini. Malori yalikuwa yameshusha watu wapya wiki ile, watoto wengi. Nikasema ningependa waone *Mito*, sehemu ya sita, na nikamwomba Esperance asome sehemu yangu.

Nilitarajia atamfanya Jemadari awe wa kutisha. Hakufanya hivyo. Aliivaa ile sauti yenyewe, sauti aliyoisikia redioni akiwa nyumbani kwa baba yake, laini, yenye huruma, na kwa ruhusa ya Bi Halima alirudisha hata maneno yangu ya mama na mtungi. Nywele zilinisimama. Alikuwa bora kuliko mimi. Alipofika kwenye swali, nani amekunywa maji yako, akanyamaza, akaiacha picha iende kimya, Jemadari akiwa amenyoosha mkono akingoja uwanja umjibu.

Msichana mdogo wa benchi la mbele, ambaye simjui na aliyekuwa amefika kambini juzi, akasema kwa sauti, "Lakini yeye joho lake limelowa."

Tukatazama wote. Ilikuwa kweli. Chini ya joho la Jemadari, kwenye pindo, mchoraji wa Kijapani alikuwa ameweka mstari wa rangi nzito, maji yakidondoka. Nilikuwa nimeitazama sehemu ile mara zaidi ya ishirini, nikiwa na shughuli ya kumpa sauti, nisiuone.

Esperance alinitupia jicho. Nikazima taa ya meza yangu, nikaenda kukaa kwenye benchi la mbele, na yule msichana akasogea kunipisha.